Mshubiri na Jua la Mpanda

Mshubiri kila mtu anaujua kwa uchungu wake. Tangu utoto tunasikia jambo fulani ni chungu kama shubiri, na aliyewahi kuonja ule utomvu wa njano unaotoka chini ya ganda la jani hahitaji kuelezwa. Siku hizi wengi hapa Mpanda huuita alovera, nao huupanda kwa ajili ya ute wa ndani, unaopakwa mtu akiungua na uji au mafuta. Sisi akina mama wa zamu ya Jumamosi tunatunza mishubiri mitano ya usharika, iliyo kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, na kazi hiyo imetufanya tuliangalie jua kuliko tulivyowahi kuliangalia tukiwa shambani.

Asili ya mmea huu ni nchi kavu za Arabuni. Watu wakisikia hivyo hudhani unafaa kuwekwa popote palipo na jua kali, basi. Lakini mshubiri uliokaa ndani miezi kadhaa umezoea mwanga mdogo. Ukiutoa ghafla na kuuweka uani mchana wa Oktoba, majani huungua na kupata mabaka ya kahawia yasiyopona tena. Ukiuacha kwenye kona yenye giza, nako hautakufa leo wala kesho. Utarefuka, majani yatapauka na kuwa membamba, utainama kuelekea upenyo wowote wa mwanga, mwisho utalala. Na kwa kuwa udongo haukauki upesi gizani, anayeumwagilia kila siku kwa huruma huozesha mizizi.

Kanisani kwetu madhabahu iko mashariki, madirisha yako kaskazini na kusini. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya hushauri dirisha la kusini, kwa sababu huko adhuhuri jua huwa upande wa kusini mwaka mzima. Hapa kwetu, chini kidogo ya Ikweta, jua hubadili upande. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu wiki ya pili ya Oktoba, adhuhuri hulala kaskazini, kisha huhamia kusini hadi Machi irudi. Siku zile za kuvuka, ukisimama uwanjani unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Ila usubiri karibu saa saba, maana huku magharibi mwa nchi jua huchelewa kufika utosini. Kwa hiyo makopo mawili ya ndani huhama dirisha mara mbili kwa mwaka.

Yanayokwenda nje hayakimbizwi. Wiki ya kwanza hukaa barazani chini ya bati, ambako mwanga ni mwingi lakini jua lenyewe halifiki. Wiki ya pili tunayasogeza ukingoni, yapate jua la asubuhi hadi saa tatu au saa nne. Baada ya hapo huwekwa chini ya mwembe, ambako jua hupenya vipande vipande. Jani likianza kuwa jekundu, watu husema mmea una ugonjwa, wengine husema una sumu. Wekundu ule ni kinga ambayo jani hujitengenezea dhidi ya jua. Ukisogezwa kivulini kidogo, ukijani hurudi baada ya wiki kadhaa. Mvua za Novemba zikianza tunayarudisha barazani, hapo si kwa sababu ya jua bali maji.

Tunayaandika haya kwa ajili ya bibi mmoja, ambaye ameturuhusu tumtaje bila jina. Alikuja mjini kukaa kwa binti yake baada ya kusingiziwa uchawi katika kijiji alichozeekea. Ushahidi wao ulikuwa macho yake mekundu, macho ya mtu aliyepika kwa kuni maisha yake yote. Kwa binti yake alishinda chumbani, pazia limeshushwa. Jumapili hakuja. Alikuja maombi ya Jumatano, giza likiwa limeingia, akakaa karibu na mlango.

Tulimkumbuka Nikodemo, aliyemwendea Yesu usiku. Yesu hakumwambia arudi mchana. Mtu huyo huyo baadaye alisema neno moja la kumtetea mbele ya wakuu, na siku ya maziko akaja na manemane na uudi. (Tafsiri kadhaa za Kizungu huuita uudi huo kwa jina la mmea wetu, ingawa ni mti mwingine kabisa.) Kutoka usiku ule hadi maziko, katika Injili ya Yohana, ni sura kumi na sita.

Wapo ndugu waliotaka bibi asimame Jumapili mbele ya watu wote, ashuhudie kwamba hana uchawi, yaishe. Walisema kwa nia njema kwamba nuru hufukuza maneno. Tulikataa. Mtu aliyesimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji ili akane hawezi kusimamishwa tena mbele yetu ili akane lile lile, hata tukitangulia kuimba. Tulimwomba mchungaji amwache kwetu. Alikubali, ingawa hakupendezwa sana.

Jumamosi iliyofuata tulipita kwa binti yake jioni. “Bibi, shikamoo. Tunaomba utusaidie makopo ya kanisani.”

“Marahaba, wanangu. Yanahamishwa saa ngapi?”

Tulimwambia saa yoyote aitakayo. Akachagua saa kumi na mbili jioni, na kwa majuma mengi ilibaki hiyo. Tulifagia naye barazani taa zikiwashwa. Halafu akaanza kuja saa kumi, halafu asubuhi, na Jumapili moja aliingia ibada ya kwanza akiwa na kitenge kipya. Mama mmoja alimvuta mwanawe na kuhamia benchi jingine. Tuliona, na bibi aliona. Wawili wetu tukakaa naye, mmoja kila upande, na ibada ikaendelea.

Sasa ana benchi lake, la nne, upande wa kaskazini, chini ya dirisha lenye kopo. Ushuhuda hajautoa, na hatumwulizi. Juzi alitukumbusha kwamba Oktoba imekaribia, tuanze kumtafutia nafasi upande wa kusini.