Rais wa Mwaka Mmoja

Mume wangu hupenda kunitania mbele ya wageni. "Huyu mnayemwona alikuwa rais, sema mshahara ndio hatukuuona." Wageni wanacheka, nami nacheka. Lakini msomaji wangu, kwenye huo mshahara usioonekana ndiko nilikojifunza kuongoza watu.

Nilijiunga na klabu ya Rotaract hapa Morogoro mwaka 2020, nikiwa na miaka 33 na watoto wawili. Kwa wasiozijua, hizi ni klabu za vijana chini ya mwavuli wa Rotary, zilizoanza mwaka 1968. Zamani ukifika miaka 30 ulikuwa unaaga, ila ukomo huo ulifutwa Julai 2020, ndiyo maana na sisi mama watu tukapata kiti. Tunapanda miti, tunakarabati vyoo vya shule, tunahamasisha watu wachangie damu. Posho hakuna. Ada unalipa na nauli unajitegemea. Mama mkwe aliposikia akaniuliza, "Sasa mwanangu, unalipa ili ukafanye kazi?" Ndiyo mama, ndivyo ilivyo.

Utamu na ugumu wa uongozi uko hapohapo. Ofisini bosi akisema saa moja kamili tunafika, maana kuna mwisho wa mwezi. Kwenye klabu utamtisha nani? Mwanachama asipotokea huna cha kumkata. Ukiwa mkali unabaki na viti. Nimeona wanaume wenye vyeo vizito maofisini wakishindwa kuongoza watu kumi na tano wa kujitolea, kisa hawajazoea kusema "naomba". (Mnisamehe kaka zangu, lakini ndicho nilichokiona.)

Halafu cheo chenyewe ni cha mwaka mmoja tu. Unaanza Julai mosi, Juni 30 unakabidhi. Hata jina Rotary limetokana na kuzunguka: Paul Harris na wenzake watatu walipoanza kule Chicago, Februari 1905, walikuwa wakikutana kwa zamu kwenye ofisi zao. Enzi hizo ilikuwa klabu ya wanaume watupu. Wanawake tulifunguliwa mlango rasmi mwaka 1989, na rais wa kwanza mwanamke wa Rotary duniani, Jennifer Jones wa Canada, akaingia Julai 2022. Mwezi huohuo nami nikaanza urais wangu mdogo wa hapa mjini. Kabla hata hujakizoea kiti, unatakiwa uwe umeshamwona wa kukipokea.

Tulikuwa na binti mmoja, fundi cherehani wa miaka 24, anayekaa nyuma karibu na mlango. Mikutano yetu ilikuwa ya Kiingereza, na cha kwake kilikuwa cha kuungaunga, basi alikuwa anatabasamu tu. Nikamwomba awe sajenti, yule anayepanga ukumbi na kutoza faini ukichelewa au simu yako ikiita. Faini yetu ilikuwa shilingi 500, inaingia kwenye kapu la huduma. Kazi ndogo, ya vicheko, lakini inakulazimisha usimame. Wiki ya kwanza alitoza watu wawili kwa kunong'ona. Mwezi wa tatu alimtoza mume wangu, aliyekuja kuwaona hao "wanaume wanaokupigia saa tatu usiku". Simu yake ikaita. "Shemeji, mia tano, na utuambie nani anakupigia!" Watu walivunjika mbavu. Maswali ya saa tatu usiku yaliisha siku hiyo.

Baadaye nikamkabidhi siku ya kuchangia damu, pale Msamvu. Nilimkabidhi kweli, sikumshikia. Asubuhi mvua ikaanza, na mwenzetu aliyeahidi kuleta mahema akawa hapatikani. Binti akaniangalia. Kwenye simu yangu nilikuwa na namba ya mtu wa mahema, na vidole vilikuwa vinaniwasha. Sikupiga. Nikamwuliza tu, "Mdogo wangu, tunafanyaje?"

Akavuka kwenda kijiwe cha bodaboda, kwenye kibanda chao cha bati. "Kaka zangu, ajali zikitokea mnaowekewa damu ni nyie. Leo nikopesheni yenu, na kibanda pia." Wakacheka, wakapisha, na watatu wakawa wa kwanza kulala. Wataalamu wa damu salama wakaeleza kuwa mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Hadi saa sita foleni ilikuwa imetoka nje ya kibanda, mvua ikinyesha.

Muda wa uchaguzi ulipofika, wengine walitaka niendelee. Nikakataa. Wengine walimtaka mfanyabiashara mmoja, sifa yake kubwa ikiwa gari. Nilipomtaja fundi wetu, mtu akadakia, "Na wageni wakija ataongea nao nini, Kiingereza hana?" Hapo nilipandisha. Tunapoteza viongozi wangapi kwa mchujo huu? Wale bodaboda walihutubiwa kwa lugha gani? Barua za Kiingereza ataandika katibu, ndiyo maana tuna katibu! Tukapiga kura, akashinda kwa kura nne.

Jioni alikuja nyumbani, macho mekundu. "Dada, mimi siwezi." Sikumpa hotuba. Nilimpa chai, kisha daftari langu la mwaka mzima: nani anadaiwa, nani ana uhusiano na watu wa hospitali, nani usimpigie asubuhi maana anaamka na hasira. Tulilipitia hadi saa nne. Mwishoni akauliza kama mikutano inaweza kuwa ya Kiswahili. Nikamwambia hilo asiniombe mimi.

Julai 2023 alifungua mkutano kwa Kiswahili. Wawili wakanuna, wakaacha kuja. Kufikia Septemba walikuwa wameingia saba, wawili kati yao bodaboda wa Msamvu. Mimi kama rais niliyemaliza nilibaki kwenye kamati, na kazi yangu kubwa ilikuwa kunyamaza. Shoga, nyie acheni! Afadhali urais.

Uchangiaji damu uliofuata, alinipangia mahema. "Na simu yako, dada," akaongeza mbele ya watu wote, "iwe hewani kuanzia alfajiri."