Kupiga Windows, Kuchimba Ndiva

Katika mji wa Same, kompyuta ikigoma, dawa yake inajulikana: ipelekwe kwa fundi "aipige Windows." Likizo iliyopita niliulizia bei katika vibanda vitatu karibu na stendi ya mabasi. Nilitajiwa kati ya shilingi 10,000 na 20,000. Hakuna aliyetaja leseni, wala hakuna aliyeona kuna la kuficha. Flashi moja huzihudumia shule, maduka na, tusidanganyane, hata kompyuta zinazobeba kazi za umma.

Sheria haina kigugumizi juu ya jambo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za ubunifu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeongeza adhabu. Lakini sheria isiyotazama mfuko wa raia huzaa taifa la wakosaji. Windows 11 Home huuzwa na Microsoft kwa dola 139 za Marekani. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, shilingi 500,000, kilichoanza Julai 2025. Ni vigumu kumhubiria uadilifu mwalimu wa Mwembe kwa bei iliyopangwa kwa kipato cha Seattle.

Wanafunzi wangu hujitetea kwamba tunawaibia matajiri, basi kuna ubaya gani? Hoja hiyo ina utamu lakini haina mifupa. Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumzia China mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alieleza kwamba maadamu watu wanaiba programu, ni heri waibe za kampuni yake. Wakishazoea, njia ya kuwatoza itapatikana baadaye. Mwizi anayedhani amemkomoa mwenye mali, kumbe anamlimia shamba. Kijana aliyekulia katika Windows ya wizi ndiye kesho afisa wa halmashauri. Akiulizwa kinunuliwe nini, atajibu kile anachokijua, na mlipakodi ndiye atakayelipa.

Hasara nyingine haisubiri kesho. Nakala iliyovunjwa kufuli mara nyingi huzimiwa masasisho ya usalama. Mwanafunzi mmoja wa uzamili niliyemsimamia alipoteza data za miezi minne kwa kirusi kilichoingia pamoja na programu ya kuvunjia kufuli.

Wapare wana jibu la kale. Milimani kwao maji ya vijito hukusanywa usiku katika ndiva, yaani bwawa dogo, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu yaende mashambani. Ndiva ya Manoo, kule Bangalala, ni mojawapo. Hakuna anayeinunua ndiva, lakini pia si ya bure: tope likijaa huitishwa msaragambo, na kila mwenye zamu ya maji hudaiwa jasho lake.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, imesimama juu ya msingi huohuo. Kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuifungua, kuirekebisha na kumgawia jirani, tena kwa idhini kamili ya leseni yake. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, yenye jina la Kibantu lenye maana ya utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tulikuwa na ndiva yetu! Leo nikiuliza darasani nani ameisikia, mikono haifiki mitano. Tope limejaa na msaragambo haukuitishwa.

Pingamizi nazifahamu. Fundi wa Linux hapatikani kila mtaa, na baadhi ya mifumo ya uhasibu haifanyi kazi nje ya Windows. Kwa hiyo sisemi ofisi zote zihame kesho. Tuanze na maabara za shule, ambako kazi kubwa ni kuandika, kukokotoa na kusoma. Nyingi zina mashine kuukuu zisizoimudu Windows 11, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Linux inaweza kuzirefushia maisha. Zabuni za kompyuta zioneshe gharama ya leseni waziwazi. Vyuo navyo vikubali tafsiri na urekebishaji wa programu huria kuwa kazi halali ya kuhitimu.

Mwaka 1945, Wapare walipoiona kodi ya mbiru kuwa dhuluma, hawakujificha. Walishuka kwa maelfu hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakaikataa mchana kweupe. Bei isiyo ya haki nayo yataka kukataliwa hivyo, hadharani na kwa kujenga kilicho chetu. Anayenakili gizani hajaikataa bei hiyo; amewaachia wanawe waje kuilipa.