Herufi ndogo chini kushoto

Mama yangu alichapa barua za serikali kwa miaka 37 na hakutia saini hata moja. Alikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya elimu ya mkoa. Sehemu yake kwenye barua ilikuwa pembe ya chini, kushoto: herufi kubwa za bosi aliyeitunga, mkwaju, kisha herufi mbili ndogo za aliyeichapa. LMK/hs. Huyo "hs" ndiye mama.

Aliajiriwa 1975, ofisi ikiwa imeelemewa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, na kila mmoja wao akaja na barua zake: kapangiwa kituo, mshahara haujafika, anaomba uhamisho amfuate mume.

Barua ya mwalimu haikuruka ngazi. Juu iliandikwa K.K., yaani kupitia kwa, halafu mwalimu mkuu na afisa elimu wa wilaya, na kila mmoja aliacha neno lake kwa kalamu. Mama aliyasoma maneno hayo kama mganga anavyosoma ramli. "Naunga mkono" ilikuwa heri. "Napitisha" tupu, bila kuunga mkono, ilikuwa njia ya kistaarabu ya kulizika ombi. Ikifika masjala, barua iligongwa muhuri wa tarehe, ikapewa namba ya folio, ikafungwa kwenye jalada kwa ile kamba fupi yenye vyuma ncha mbili.

Wakati wa likizo nilishinda chini ya meza yake. Alipanga karatasi ya juu, kaboni, karatasi nyembamba, kaboni tena, mpaka nakala nne, akaviringisha rundo zima kwenye taipureta. Kosa moja lilimaanisha kufuta mara tano, huku kipande cha karatasi kikiwekwa nyuma ya kila tabaka ili kaboni isichafue lililo chini yake. Kwa hiyo alitulia kwanza, midomo ikicheza, sentensi ikimalizika kichwani kabla ya vidole kuanza. Hatimkato aliandika kwa kasi ya maneno 80 kwa dakika, lakini mimi namkumbuka zaidi katika ule utulivu.

Mabosi wake wengi walikuwa wamesoma na kuanza kazi kwa Kiingereza. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, alipoagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, agizo liliwakuta watu wazima. Rasimu zao zilikuja mezani zikichechemea, mama akazinyoosha kimyakimya, nao wakatia saini bila kuuliza. Sina ushahidi, ila naamini Kiswahili cha barua tunachokiita cha serikali kimepita zaidi mikononi mwa wachapaji kuliko mikononi mwa wakubwa. Hata ile tamati ya siku hizo, "Wako katika ujenzi wa Taifa", vidole vyake viliichapa bila yeye kuangalia.

Kompyuta ilifika mwishoni mwa miaka ya tisini, ikavishwa kitambaa, na chumbani mwake tukaambiwa tuvue viatu. Baada ya muda wakubwa wakajifunza kuchapa wenyewe. Kufuta kukawa bure, na barua zikanenepa: aya tano kwa jambo la aya moja. LMK/hs ikatoweka bila waraka wowote kuifuta, kwa kuwa aliyetunga ndiye aliyechapa. Leo mpwa wangu, mwalimu, anaomba uhamisho kwa simu kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, akiwa amekaa kitandani. Hilo silibezi; nimewaona walimu waliolala stendi siku mbili wakifuatilia folio.

Mama alistaafu 2012. Kwenye mafao akadaiwa barua ya kuthibitishwa kazini. Jalada lake likafunguliwa: folio ya 6, kisha ya 9. Barua ya kuthibitishwa haikuwamo. Mtu aliyechapa barua za kuthibitishwa za mkoa mzima akaambiwa arudi wiki ijayo.

Niliomba ruhusa, nikaingia stoo na karani mmoja mwenye subira. Vumbi, mchwa, majalada yaliyofungwa kwa katani. Siku ya tatu, katika jalada la jumla la watumishi wa ofisi, tukakuta nakala ya kaboni ya 1977, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Herufi "m" zimepanda juu kidogo, kama ilivyokuwa kawaida ya mashine yake. Chini kushoto: LMK/hs. Alikuwa amejichapia mwenyewe.

Nilimpelekea. Akavaa miwani, akapita kichwa cha habari, akapita salamu, akasimamisha kidole kwenye mstari wa pili. Pameandikwa "umetibitishwa".

"Hapa nilisahihisha ile ya juu tu," akasema. "Saa sita ilikuwa imeshapita, na wewe ulikuwa unanisubiri chekechea."