Kijiko Kimoja cha Sukari

Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajafungua kinywa asubuhi, mna sukari ipatayo kijiko kimoja tu cha chai. Ikishuka mno, mtu huzirai; ikizidi kwa miaka, huharibu macho na figo. Mlinzi wa kipimo hicho ni kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Tulapo ugali, kongosho hutoa insulini, nayo misuli hupokea sukari na ini huweka akiba. Usiku, homoni nyingine, glukagoni, huliamuru ini liitoe akiba hiyo kidogo kidogo.

Nayaeleza haya kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja. Kinga ya mwili wake iliziangamiza seli zitengenezazo insulini akiwa bado shule ya msingi. Tangu hapo yeye mwenyewe ndiye kongosho lake: hupima, hukokotoa, hujidunga, kisha huja kunisikiliza saa mbili nzima nikifafanua mkataba wa kijamii. Chumbani hana jokofu. Dawa huitunza katika chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowanishwa. Mwezi uliopita, kwenye dirisha la dawa, aliambiwa imekwisha, arudi wiki ijayo. Kwa mtu wa hali yake, siku chache bila insulini zaweza kuwa za mwisho. Tulichanga, ikanunuliwa duka la binafsi.

Nilipolisimulia jambo hili, msomi mmoja alinijibu kwamba vijana wapunguze soda. (Pengine jina lenyewe, kisukari, ndilo linalotupotosha.) Soda haikuhusika hata kidogo.

Mwaka 1923 wagunduzi wa insulini waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao kwa dola 1 kila mmoja, isije ikahodhiwa. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya kwanza kabisa ya dawa muhimu. Hoja ya umuhimu wake, basi, ilikwisha kujibiwa zamani.

Ndugu zangu mlio katika ofisi za ununuzi, ombi langu ni dogo: ihesabuni dawa hii kwa idadi ya wanaoitegemea. Mkikadiria kwa kiasi kilichotolewa robo iliyopita pekee, mwezi ambao rafu zilikuwa tupu utasomeka kana kwamba hapakuwa na mgonjwa, na agizo linalofuata litapunguzwa.