Sudusi ya Nyumba

Walimu wenzangu wa hapa Uganda wameniuliza mara nyingi, wengine kwa mzaha na wengine kwa huruma, ni wazimu gani ulionipata hata nikachukua kiinua mgongo cha utumishi wangu wote nikakitia katika nyumba mbovu iliyoko Lamu, ambayo kwa sheria si yangu. Naona wana haki ya kujibiwa.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya ghorofa moja, katika mji wa kale ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ilikuwa ya marehemu mama mkwe wangu, naye aliipata kwa mama yake. Kwani desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Mama aliacha wana wanne, wawili wanaume na wawili wanawake. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu nyumba ikawa mafungu sita: kila kaka mawili, kila dada moja. Neno "sudusi" nilikuwa nimelifundisha miaka mingi, pamoja na thuluthi na robo, kama neno la hesabu tu. Siku ile nililiona limeketi barazani. Mke wangu alikuwa na sudusi moja. Tano zilizosalia zilikuwa za nduguze, na mgeni mmoja kutoka Ulaya alikwisha kuwaahidi bei ambayo sisi tusingeifikia hata kwa kukopa.

Shemeji zangu si watu wabaya. Wana watoto wa kusomesha. Walitupa miezi mitatu, nasi tukalipa pungufu ya alichotaka kutoa yule mgeni. Shemeji mkubwa hajaacha kunikumbusha jambo hilo, wala simlaumu. Hati iliandikwa kwa jina la mke wangu, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimruhusu asiye raia kuwa na ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Mimi ni Mganda. Basi mbele ya sheria nimekuwa mgeni wa mke wangu, jambo ambalo kwa desturi ya Lamu si la ajabu.

Nilidhani kununua ndiyo kazi. Fundi, mzee wa makamo, aliingia, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama tabibu, akasema, "Mwalimu, nyumba hini imezibwa pumzi." Miaka ya nyuma mtu alikuwa amezipaka kuta saruji ili zionekane mpya. Ukuta wa Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa: hunywa unyevu na kuutoa tena. Saruji huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi yake, na jiwe huoza polepole chini ya uso mzuri. Tulipoibandua, mawe yalitoka nayo kama makombo ya mkate, ikabidi kazi ifanywe shubiri kwa shubiri. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zilikuwa unga mtupu.

Hapo nami nikawa mwanafunzi. Nilizoea kusema darasani kwamba boriti ni mti mnene unaobeba dari, tukaendelea na neno linalofuata. Sikujua kwamba ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Mti wa mkoko hauwezi kubeba uzito wa dari ya mawe na chokaa kwa masafa marefu. Ndiyo maana vyumba vya kule ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki mita 3. Wakataji huipanga miti hiyo kwa unene, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Huiuza kwa korija, yaani 20. Motokaa haipiti katika vichochoro vile; mchanga na chokaa huja juu ya punda, na boriti mabegani mwa watu, ambao kila kona husimama na kujadiliana.

Jambo lililotugombanisha ni ule ukuta wa vidaka katika chumba cha ndani, ambavyo wenyewe huviita zidaka. Nusu yake ilikuwa imebomoka. Fundi alisema angeweza kuviziba na kuusawazisha ukuta kwa siku nne. Kuvichonga upya kungekula fedha zote zilizosalia. Mimi nilitaka vizibwe. Mke wangu hakubishana. Alimwita dada yake mkubwa, ambaye mpaka hapo hakuwa amekanyaga ndani tangu siku ya kutia saini. Akasimama mbele ya ukuta, akavigusa kimoja kimoja: "Hapa mama aliweka funguo. Hapa uvumba. Hapa barua zako za Kampala. Alikuwa akinipa nimsomee mara mbili mbili." Nikatoka nje kuhesabu fedha.

Mpaka sasa safu mbili zimekwisha, zimebaki tano. Chokaa yake imo shimoni, imefunikwa makuti, na fundi amekataza isiguswe kabla kaskazi haijaingia. Mimi nimerudi kufundisha madarasa ya jioni, na shemeji yule mwanamke ameanza kulala katika chumba cha mbele, ili, asema, awaangalie mafundi.