Boroni Si ya Kunakili Tu

Walimu watarajiwa wenzangu, kuna mada tunazifundisha ili mradi zimepita. Isotopu ni mojawapo. Unaandika ubaoni boroni-10 na boroni-11, Kidato cha Pili wananakili, kengele inalia, basi.

Mimi siwezi tena kuipitisha hivyo. Mama mkubwa wangu wa Lizaboni, hapa Songea, alipata saratani ya koo. Mionzi ilibidi aifuate Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa basi. Uvimbe ulipungua, lakini mionzi ikipita hugusa na vilivyo vizima: ngozi ya shingo iliungua, mate yakakauka, ugali ukawa haushuki bila maji.

Sasa sikia habari ya boroni. Mwaka 1936, Mmarekani Gordon Locher alitoa wazo: jaza boroni-10 kwenye seli za saratani, kisha zipelekee nyutroni za kasi ndogo. Boroni-10 ikimeza nyutroni hupasuka, hutoa heliamu na lithiamu, na vipande hivyo husafiri umbali usiozidi upana wa seli moja. Seli yenye boroni inakufa, jirani yake anasalimika. Yaani ni kama kung'oa magugu bila kugusa mahindi.

Shida ni kwamba dawa ya boroni hutoka kwenye uvimbe mapema. Mwaka 2020 watafiti wa Tokyo waliichanganya na polivinili alkoholi, polima ileile ya kwenye gundi ya maji. Katika panya, boroni ilikaa ndani ya uvimbe muda mrefu zaidi. Mwaka huohuo Japani iliidhinisha tiba ya boroni, bado bila hiyo polima, kwa baadhi ya saratani za kichwa na shingo.

Sisemi itafika Songea kesho. Inataka mtambo wa nyutroni, madaktari, wakemia na wanafizikia. Ila hao watu hawashuki kutoka mbinguni. Wengine wamekaa madawati ya nyuma kwenye madarasa tunayopangiwa mazoezi ya kufundisha.

Muhula huu niliwasimulia wangu habari hii, dakika kumi tu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani 10 na 11 si zinatofautiana nyutroni moja tu?"

Moja tu. Na boroni-11 haiifanyi kazi hiyo. Siku hiyo kengele ililia, hawakutoka.