Injini Isihukumiwe kwa Mlio Wake

Yamkini nyumbani kwako yupo kijana, au hata mtu mzima, aliyeshawishika kwamba gari kuukuu laweza kugeuzwa la mashindano kwa kubadilishwa kamshafti tu. Kamshafti ni ule mhimili wenye vinundu unaofungua valvu za injini. Ile ya mashindano ina vinundu virefu zaidi: huisukuma valvu mbali zaidi na kuiacha wazi kwa muda mrefu zaidi, ili injini ivute pumzi nyingi inapokwenda kasi. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini valvu nayo husogea karibu zaidi na pistoni.

Shemeji yangu, dereva wa teksi, alifunga kamshafti ya namna hiyo mwaka 2019 katika Corolla yake ya miaka ya 1980, yenye injini ya 4K ya sentimeta za ujazo 1,290. Springi za valvu aliziacha zile zile za zamani. Siku ya tatu, baada ya kuikamua usiku katika barabara tupu, injini ikaanza kutetemeka na kupoteza nguvu. Gereji ya kwanza ilisikiliza mlio kwa dakika chache, ikatamka kwamba injini nzima imekufa, inunuliwe nyingine. Fedha zilizokuwamo nyumbani zilikuwa za bati za kumalizia nyumba. Dada yangu alizidunduliza kwa cherehani yake.

Mimi si fundi, lakini nilikuwapo mzee mmoja wa gereji ya uani alipoombwa kulitazama gari lile, na aliyoyafanya yafaa uyasikie.

Alianza kwa kufungua plagi tu, akaingiza kipimo cha kompresheni katika kila silinda. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilitoa ratili 125 kwa inchi ya mraba. Ya tatu sindano haikuinuka. Shemeji alizihuzunikia zote, maana zamani zilifika 150.

“Hizo tatu usizililie, baba,” mzee akasema. “Zimeshuka kwa pamoja.”

Kamshafti ile huchelewa kuifunga valvu ya kuingizia hewa, kwa hiyo injini inapozungushwa polepole kwa stata, sehemu ya hewa hurudi ilikotoka. Huo si ugonjwa. Mgonjwa ni silinda iliyoachana na wenzake.

Hata hivyo hakuikimbilia spana ya kufungulia silinda hedi. Alilegeza tapeti kwanza, kwa kuwa valvu isiyobakiziwa nafasi haifungi sawasawa, hata kama haikupinda. Sindano ikabaki chini. Akamimina kijiko cha mafuta ya injini kupitia tundu la plagi; kama ringi ndizo zilizovujisha, mafuta yangeziba na sindano ingepanda. Haikupanda. Ndipo akaisimamisha pistoni juu kabisa, valvu zote mbili za silinda hiyo zikiwa katika zamu ya kufungwa, akapuliza hewa ya kompresa. Kwenye kabureta palikuwa kimya. Kwenye bomba la ekzosi hewa ilivuma waziwazi.

Hedi ilipofunguliwa, valvu ya kutolea moshi ilikuwa imepinda, na juu ya pistoni palikuwa na alama mfano wa mwezi mwandamo. Springi iliyochoka ilishindwa kuirudisha valvu upesi, pistoni ikaikuta njiani. Zilihitajika valvu moja, springi mpya zote na gasketi. Bei yake haikuikaribia ile ya injini.

Nawe ukiwa ungali na hamu ya kufunga kamshafti hiyo, bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, rudisha hedi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha fungua uukate na kuupima. Mafundi hutaka ubaki unene wa milimita 2 upande wa valvu ya kuingizia na 2.5 upande wa kutolea.

Dada yangu hakuutaka udongo huo. Kamshafti ya zamani ilikuwa uvunguni mwa kitanda, pamoja na visukumio vyake vilivyoviringishwa katika gazeti kwa mpangilio wake. Akaingia ndani, akaileta mwenyewe.